Maji Maangavu, Vifaranga Wanakufa: Jinsi ya Kutafuta Kasoro katika Matangi ya Kuzalishia Kambale

Ukimwondoa kamongo, ni wachache mno kati ya samaki wa maji baridi wa Afrika yetu wawezao kustahimili shida kama kambale. Huishi mitoni, ziwani, na hata katika madimbwi ya mbugani ambayo kiangazi huyageuza kuwa tope. Mvua kubwa ikinyesha usiku, huweza kutambaa juu ya majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Siri yake imo kichwani. Juu ya mashavu yake, yaani vile viungo vyekundu vya kupumulia ndani ya maji, anacho kiungo cha ziada chenye matawi kama kichaka kidogo, nacho humwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji.

Ustahimilivu huo ndio uliomleta kambale mjini. Mfanyakazi mwenye ua mdogo hawezi kuchimba bwawa, lakini aweza kupanga matangi manne ya plastiki kando ya ukuta, akaunganisha mabomba, akatia pampu na chujio, na maji yaleyale yakazunguka mchana na usiku. Soko nalo lipo. Kambale mkubwa huuzwa mbichi au aliyekaushwa kwa moshi, na katika Ziwa Victoria vifaranga wa kambale hununuliwa na wavuvi kuwa chambo cha ndoana za sangara. Anayeweza kuzalisha vifaranga wake mwenyewe hana haja ya kungoja mtu.

Walakini ustahimilivu huohuo ndio unaowadanganya wafugaji. Kambale mzima hukaa katika maji yaliyokwisha haribika, akapanda juu, akavuta hewa, akashuka, akala kama kawaida yake. Mwenye tangi hutazama akaridhika. Kumbe katika mtambo ule wamo viumbe wa aina mbili wasioweza kufanya hivyo. Wa kwanza ni kifaranga. Kwa muda wa wiki mbili hadi tatu baada ya kuanguliwa, kile kiungo chake cha kuvutia hewa hakijaanza kazi, naye hupumua kwa mashavu tu kama samaki mwingine yeyote. Wa pili ni bakteria wakaao ndani ya chujio, ambao huishi kwa oksijeni iliyoyeyuka majini na hawawezi kupanda juu kuitafuta. Hawa huumia wakati kambale mkubwa angali mzima. Ndiyo sababu mtu hupoteza maelfu ya vifaranga kwa usiku mmoja, na asubuhi akawakuta wazazi wao wakidai chakula.

Hasara hiyo si ndogo. Kambale wa tangini hatagi kwa hiari, kwani anachokingoja ni mafuriko ya masika, nayo hayaji ndani ya plastiki. Yabidi jike apigwe sindano ya homoni, au ya tezi ya pituitari iliyotolewa katika kichwa cha samaki mwingine. Kisha hungojwa kwa saa 11 hivi iwapo maji yana joto la nyuzi 25 za Sentigredi, au saa 8 yakiwa na nyuzi 28, ndipo akamuliwe mayai. Dume hakamuliki. Mbegu zake hupatikana kwa kumpasua, na kwa kawaida hilo maana yake ni kumchinja. Nyama yake huishia chunguni, hapo hapana lawama, lakini dume wa mbegu aliyelelewa miezi mingi harudi tena. Kundi la vifaranga likifa kwa kasoro ya chujio, dume amekwenda, homoni imekwenda, na jike atahitaji majuma kadhaa kabla ya kujaza mayai mengine.

KINACHOISHI NDANI YA CHUJIO

Watu wengi hulichukulia chujio kama kifumbu cha tui: maji yapite, machicha yabaki. Kazi hiyo ipo kweli. Kinyesi na mabaki ya chakula lazima yazuiwe, na ni bora yazuiwe mwanzo kabisa, katika tangi dogo la kutulizia ambamo uchafu huzama na kutolewa kila siku. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili haionekani kwa macho.

Samaki akila protini, hutoa amonia, na sehemu kubwa huitoa kupitia mashavu yake. Hesabu wanayoitumia wataalamu ni kwamba kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 40 huleta takriban gramu 37 za nitrojeni ya amonia. Kwa hiyo ukiwalisha samaki wako gramu 100 tu kwa siku, katika mtambo wenye lita 2,000 za maji, umeongeza karibu miligramu 1.8 za amonia katika kila lita, na kesho utaongeza nyingine kama hizo. Bila ya mtu wa kuiondoa, siku chache zatosha kuua.

Mwondoaji ni bakteria. Wako wa aina mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kambale huivumilia sana. Hukaa wamejishikiza juu ya chochote chenye uso mwingi: kokoto, mawe mepesi ya volkano, sponji, hata vifuniko vya plastiki vya chupa za soda vilivyokusanywa kwa wingi. (Vile vya bati havifai, huota kutu.) Huzaliana polepole mno wakilinganishwa na vijidudu wengine, hata chujio jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuweza kubeba mzigo wake. Katika nyanda zetu za baridi huweza kuhitaji zaidi.

Amonia haina rangi. Nitriti nayo haina rangi. Maji yaweza kuwa maangavu kiasi cha kuhesabu mawe chini ya tangi na bado yakaua. Kinyume chake, maji yenye rangi ya chai kidogo, katika mtambo uliokomaa, mara nyingi hayana dhara lolote. Basi anayepima maji kwa macho hajapima kitu.

WANAFIA WAPI?

Likitokea tatizo, jambo la kwanza si kukimbilia dawa. Simama mbele ya matangi na ujiulize: je, wanakufa katika matangi yote au katika moja tu?

Iwapo matangi yote yameugua kwa wakati mmoja, kosa limo katika kile yanachoshirikiana, yaani pampu, chujio, au maji mapya uliyoyatia jana. Iwapo tangi moja tu limeugua na mengine yamesalimika, usilisumbue chujio hata kidogo. Chunguza tangi lenyewe: bomba lake limeziba? Kuna samaki aliyekufa na kuozea pembeni? Chakula kimemwagwa kupita kiasi na mtoto aliyependa kuwaona samaki wakigombania? Mambo hayo ni mepesi, hupatikana kwa dakika tano.

Hali ya tatu ni ile ambayo tangi la kwanza ni zuri, la pili ni zuri kidogo, la tatu ni baya na la nne ndilo kaburi. Hapo tazama mabomba. Mafundi wengi, kwa kubana matumizi, huyafanya maji yatoke tangi la kwanza yaingie la pili, kisha la tatu, hadi mwisho, ndipo yarudi kwenye chujio. Kwa mpango huo tangi la nne hunywa uchafu wa matatu yaliyotangulia, na oksijeni imekwisha liwa njiani. Mpango unaofaa ni bomba moja kuu lipite juu ya matangi yote, kila tangi lichote maji yake kwa koki yake, na kila tangi limwage katika mfereji mmoja unaorudi kwenye chujio. Hata hivyo zingatia kwamba tangi lililo karibu na pampu hupenda kuchukua zaidi. Punguza koki yake mpaka yote yapate sawa.

Namna ya kujua kama yanapata sawa ni ndoo na saa. Kinga maji yanayoingia kila tangi. Kisha kinga yale yanayotoka katika bomba kuu: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa nusu dakika, pampu yako inasukuma lita 2,400 kwa saa, na kwa mtambo wa lita 2,000 hiyo yatosha, kwani maji yote hupita katika chujio kila saa. Ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 1,200 tu. Usiamini namba iliyoandikwa juu ya boksi la pampu. Namba hiyo ni ya maji yasiyopandishwa, na kila kimo unachoyapandisha huipunguza. Aidha pampu iliyokuwa nzuri mwaka jana huweza kuwa imezibwa na utando, au sponji ya mdomoni mwake imejaa. Ifungue uisafishe kabla ya kununua nyingine.

NDOO TATU

Ikiwa mahali pamejulikana lakini sababu haijulikani, na huna vipimo vya matone vya kupimia amonia, kuna jaribio ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Twaa ndoo tatu safi ambazo hazijawahi kutiwa sabuni. Ya kwanza ijaze maji ya tangi lenye maradhi. Ya pili ijaze maji mazuri yaliyolala siku nzima wazi. Ya tatu ijaze maji yaliyotoka bombani sasa hivi. Zote ziwe na joto moja, na zote zipigwe hewa kwa nguvu. Tia vifaranga kumi kumi katika kila ndoo, uwaangalie kwa saa mbili au tatu.

Wakipata nafuu katika ndoo ya kwanza, ile ya maji ya tangini, jua kwamba maji hayana sumu. Walichokosa ni hewa. Wakizidi kufa katika ya kwanza na kupona katika ya pili, maji ya tangi yana sumu, na karibu kila mara ni amonia au nitriti. Wakifa katika ya kwanza na ya pili pia, basi ama wamekwisha dhurika mno, ama wana maradhi yao wenyewe, na hapo ndipo fikra ya dawa inapoanza kuwa na maana. Wakifa katika ya tatu huku wale wa ya pili wakiwa wazima, unayo klorini katika maji ya bomba.

Vifaranga thelathini ni bei ndogo kulipia jibu hilo.

Klorini inayotiwa katika maji ya mji kwa usalama wetu sisi huua bakteria, na bakteria wa chujio ni bakteria kama wengine. Maji ya bomba yalale saa 24 katika chombo kilicho wazi, na yakipigwa hewa ni bora zaidi. Yakilala ndani ya tangi lililofunikwa kabisa, klorini haina pa kutokea. Jambo hili huwaathiri zaidi watu waangalifu kuliko wazembe. Mzembe haoshi chujio lake. Mwangalifu hulitoa kila Jumapili, akalisugua kwa maji ya bomba mpaka kokoto zing'ae, akalirudisha akiwa na furaha. Siku ya tatu vifaranga wanakufa. Kumbe ameanza upya zile wiki nne hadi sita. Chujio hutikiswa tu, katika ndoo ya maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, nusu yake leo na nusu nyingine baada ya wiki mbili.

Nitriti ina alama yake. Samaki huhema ingawa hewa ni tele, na ukimfunua shavu hukuti wekundu wa damu bali rangi ya udongo au kahawa, kwa kuwa damu imeharibika na haibebi oksijeni. Tiba yake imo jikoni. Chumvi ya kawaida, gramu 5 au kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 10 za maji, huizuia nitriti isipenye katika mashavu. Iyeyushe kwanza pembeni, uimimine kidogo kidogo. Chumvi haipotei hewani, kwa hiyo usiirudie kila siku. Irudishie tu kwa kadiri ya maji uliyoyabadilisha.

MAJI MAZURI YALIYOUA

Sasa tufike kwenye kisa kinachowashangaza hata wafugaji wazoefu. Mtambo umefanya kazi miezi minane bila ya tatizo. Samaki wamepungua kula kidogo. Mwenyewe anaamua kuwapa raha: anamwaga nusu ya maji, anajaza mapya ya kisima, masafi, yasiyo na klorini. Baada ya saa moja matangi yote yamegeuza matumbo juu. Anaapa kwamba kisima kimetiwa sumu.

Kisima hakina kosa. Bakteria wa chujio wanapoigeuza amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo hula zile chumvichumvi za chokaa zilizomo majini. Chokaa ikiisha, kipimo cha asidi kiitwacho pH huanza kushuka, pole pole, kutoka 7 hadi 6 na chini yake. Kikifika hapo bakteria hulegea, na amonia huanza kujikusanya. Lakini katika maji yenye asidi amonia hukaa katika hali isiyo na ukali, na samaki huivumilia. Kwa nyuzi 28 za joto, katika pH ya 7, sehemu yenye sumu kali haifiki 1 katika kila 100 za amonia yote. Katika pH ya 8 ni takriban 7. Katika pH ya 9 ni takriban 40. Yule bwana alipomimina maji ya kisima yenye chokaa nyingi, pH ilipanda ghafla, na amonia iliyokuwa imelala kwa majuma ikaamka yote kwa pamoja.

Basi ukishuku kwamba mtambo wako ni wa namna hiyo, usimimine chokaa wala maji mengi mapya. Simamisha chakula cha wakubwa kwa siku moja au mbili, na cha vifaranga ukipunguze, kwani hao hawawezi kufunga. Badilisha maji kidogo, sehemu moja ya kumi kwa siku, ukitumia maji ambayo pH yake inakaribiana na ya tangi. Amonia ikiisha kupungua ndipo uirudishe chokaa taratibu, na njia rahisi kuliko zote, hasa kwa walio pwani, ni mfuko wa makombe ya baharini yaliyoondolewa chumvi kwa kuoshwa, yakapondwa na kuwekwa mahali maji yanapopita. Huyeyuka yenyewe kadiri asidi inavyozidi, na asidi ikiisha hutulia. Karatasi za kupimia pH si ghali. Ukiwa na fedha ya kununua kipimo kimoja tu, nakushauri ununue hicho pamoja na cha amonia, na homoni ya kupigia sindano isubiri mwezi ujao.

UMEME UNAPOKATIKA

Pampu ikisimama, mambo matatu hutokea, na la kwanza huonekana sakafuni. Maji yaliyokuwa juu hurudi chini kwa njia ya bomba lilelile yaliyopandia, na tangi la chini hufurika. Umeme ukirudi pampu hukuta maji hayatoshi, ikavuta hewa na kuungua. Dawa yake ni tundu dogo katika bomba la kuingizia, chini kidogo tu ya uso wa maji ya tangi. Maji yakishuka na kulifikia tundu, bomba huvuta hewa na mvuto hukatika. Pia acha nafasi katika tangi la chini ya kupokea maji yote yatakayoteremka. Jaribu kwa kuzima pampu mchana, ukiwepo.

La pili ni vifaranga kukosa hewa, na hapa dakika zina thamani. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba inayofaa kwa tangi la vifaranga peke yake. Isipokuwepo, watu wa nyumbani wapokezane kuchota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu. Si kazi ya kifahari lakini imeokoa makundi mengi.

La tatu ndilo husahauliwa. Ndani ya chujio lililofungwa kama mtungi, bakteria humaliza oksijeni iliyomo kwa muda mfupi, nao hufa na kuoza. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, pampu husukuma uozo huo wote ndani ya matangi. Kabla ya kuwasha, lifungue chujio, na ukisikia harufu ya yai bovu, maji yake yamwage nje. Kwa miji ambayo umeme hukatika mara kwa mara, mimi naona chujio la wazi ni bora kuliko la mtungi: pipa lenye matundu chini, limejazwa kokoto au vifuniko, maji yakinyunyizwa juu na kudondoka hadi chini. Pampu ikizimika, kokoto hubaki na unyevu na hewa imezizunguka, na bakteria hungoja.

Na kwa kuwa tumetaja umeme: waya wa pampu ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye soketi hiyo, ili matone yadondokee sakafuni yasiingie ndani. Zima kabla ya kutia mkono majini. Watoto waelezwe.

WIKI TATU ZA MWANZO

Tangi la mayai lina kasoro zake peke yake. Kwa nyuzi 28 mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi, kwa nyuzi 20 huzidi siku mbili. Yaliyokufa huwa meupe na kuota kuvu, na pamoja na maganda ni mzigo mzito wa uozo kwa chujio. Wachanga wakiisha kujikusanya katika pembe ya giza, toa mabaki yote kwa mpira mwembamba wa kuvutia maji. Kwa siku tatu hivi za mwanzo wanakula kiini walichozaliwa nacho. Usiwatupie chakula, kitaoza tu.

Wavu unaozuia wasitoroke na maji uwe na matundu madogo sana, na kwa sababu hiyo huziba upesi. Ukiziba, tangi hufurika usiku na vifaranga huvukia ukingoni. Kipande kidogo cha wavu kilichobandikwa kwenye tundu la bomba hakifai. Tengeneza silinda pana ya wavu kuzunguka bomba, ili maji yapite pole kila upande, na uisugue kwa brashi laini asubuhi na jioni. Mabomba na viungo vyote viwe vya plastiki. Shaba na bati lenye zinki huachia sumu, hasa katika maji yenye asidi.

Dawa za kuua kuvu na vijidudu zisitiwe kamwe katika maji yanayozunguka, kwa maana huua chujio pamoja na ugonjwa. Samaki mgonjwa atibiwe katika beseni la pembeni lisilounganishwa na mtambo. Hali kadhalika wazazi wapya kutoka mtoni au sokoni wakae peke yao wiki mbili au tatu kabla ya kushiriki maji na wenzao. Ubaya wa matangi yenye chujio moja ni huo: anachougua mmoja, wamekinywa wote.

Katika wiki ya pili na ya tatu utawaona baadhi ya vifaranga wakianza kupanda juu, wakagusa hewa na kuteremka kwa kasi. Kiungo cha hewa kimeanza kazi. Vifo vya usiku vitapungua, lakini wakubwa sasa watakuwa wakiwala wadogo. Idadi ikipungua bila ya kuona mizoga, hiyo ndiyo sababu, wala si maji. Wapange kwa ukubwa kila wiki, kila ukubwa na tangi lake, na matangi yafunikwe kwa wavu mzito huku ukiacha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko, kwani hao nao wameanza kujifunza kutambaa. Kwa ushauri zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na vyuo vya uvuvi vya Mbegani, Bagamoyo, na Nyegezi, Mwanza, vina wataalamu wa samaki. Ukienda kuwaona, chukua maji ya tangi katika chupa safi iliyojazwa hadi mdomoni, pamoja na daftari ulimoandika pH, kiasi cha chakula na idadi ya waliokufa kila siku.